Safu ya Sababu

Mtoto wa Singida hahitaji mwalimu wa kumwonyesha kifaranga. Amelala chumba kimoja na koo aliyefunikwa tenga pamoja na wanawe, ametumwa kumfukuza mwewe kabla hajajua kuandika jina lake, na huenda sare aliyoivaa ilinunuliwa kwa fedha ya majogoo wawili waliopelekwa Dar es Salaam. Mkoa wetu unafahamika kwa alizeti na kwa kuku wa kienyeji, na anayepita stendi alfajiri huyaona matenga yakipandishwa juu ya mabasi huku vichwa vimechomoza kwenye matundu. Kwa hiyo nilipomwambia mwalimu mwenzangu kwamba nataka kutotolesha mayai pamoja na wanafunzi wa Darasa la Tano, aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, ni kitu gani nitakachowafundisha ambacho bibi zao hawajawafundisha tayari.

Jibu nililipata katika kipindi kimoja cha sayansi mwezi Mei mwaka jana, tulipokuwa tukizungumzia uzazi wa wanyama. Niliwauliza wanafunzi kwa nini mayai mengine hulaliwa siku zote 21 na mwisho wake yasitoe kitu. Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Ni viza, Mwalimu!" Nikauliza kwa nini kuku hufa kwa wingi kuanzia Agosti hadi Oktoba. "Ni upepo!" Nilibaki nimeshika chaki. Viza ni jina la yai lililoshindwa kuangua, wala si sababu ya kushindwa kwake, na upepo, ambao kwetu huvuma kweli kweli miezi hiyo ya kiangazi, ni jina la msimu ambao kuku hufa. Watoto walikuwa wamenipa majina mawili wakidhani wamenipa maelezo, na jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba mimi mwenyewe, niliyekulia kati ya kuku hao hao, ningejibu vivyo hivyo nilipokuwa na umri wao.

Ndipo tukanunua daftari kubwa lenye jalada gumu na kulipiga mistari ya safu nne: tarehe, namba ya yai au kifaranga, kilichotokea, na sababu. Kanuni niliyoweka ilikuwa moja tu. Katika safu ya sababu mtu haruhusiwi kuandika "bahati mbaya", haruhusiwi kuandika "upepo", na asipoijua sababu aiache nafasi wazi ili sote tuione kwamba iko wazi.

Kabla ya mayai kulikuwa na wazazi. Katika mkutano wa wazazi wa kabla ya likizo ya Juni, baba mmoja alisimama akasema kwa upole kwamba wazo ni zuri, ila miradi ya kuku ya shule anaijua, watoto hufagia banda na walimu hula kuku. Watu walicheka, na nilicheka nao, kwa sababu alisema kweli. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 shule zetu zimekuwa na mashamba na mabanda, na wengi wetu tuliopita humo tunakumbuka vizuri kufagia kuliko kujitegemea. Tukaandika makubaliano palepale: kuku watakaofikia Desemba watagawiwa kwa vikundi vya wanafunzi, kila kikundi kuku mmoja, na wakizidi, watakaosalia watabaki shuleni kama mbegu. Baba yule ndiye aliyesaini wa kwanza.

Sanduku la kutotoleshea tulilitengenezewa na fundi seremala wa kijijini kwa mabaki ya mbao laini, likiwa na mfuniko wenye kidirisha cha kioo. Kazi iliyotuchosha ilikuwa kutafuta balbu. Maduka ya umeme siku hizi yanauza taa za kubana matumizi, ambazo sifa yake kuu ni kutotoa joto, na muuzaji mmoja alinieleza kwa subira, kama mtu anayeongea na mgeni wa mjini, kwamba balbu za zamani ninazozitaka zinapoteza umeme bure kwa kupasha moto hewa. Nilimwambia ndizo hizo hizo ninazozitaka. Tulipata mbili za wati 40 kwenye duka la vifaa chakavu, tukaziunganisha na kidhibiti joto kidogo, tukaweka bakuli la maji chini kwa ajili ya unyevu, na kwa kuwa sanduku letu halikuwa na feni tulilenga joto la nyuzi 38 hadi 39 likipimwa usawa wa migongo ya mayai. Mashine zenye feni huhitaji nyuzi 37.5 tu kwa sababu hewa yake huzunguka, lakini kwenye sanduku tulivu hewa ya moto hupanda juu na kuliacha yai likipoa upande wa chini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kipimajoto. Tuliazima kile cha zebaki cha kupimia homa, na kwa siku mbili za majaribio kilituonyesha nyuzi 39 asubuhi, mchana na usiku, tukajipongeza kwa utulivu wa sanduku letu. Msichana mmoja, ambaye mama yake ni mhudumu wa zahanati, ndiye aliyesema kwamba kipimajoto cha homa hakishuki mpaka kikung'utwe. Kilikuwa kimepanda mchana wa siku ya kwanza na kubaki hapo hapo. Tulinunua kingine, na ukurasa wa kwanza wa daftari ukaanza na maneno "Kipimajoto kilitudanganya. Sababu: hatukukikung'uta."

Darasa lina vikundi kumi, na kila kikundi kilitakiwa kuleta mayai matatu yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, yasiyooshwa, yaliyohifadhiwa ncha nyembamba ikiwa chini. Yalifika 30 kamili siku ya Jumanne ya pili ya Julai. Tuliyatia namba kwa penseli, kwa kuwa ganda lina vitundu vidogo na hatukutaka wino upenye, na kila yai likapewa alama ya X upande mmoja na O upande wa pili, ili anayegeuza ajue amegeuza. Siku hiyo hiyo jioni bibi wa mmoja wa wanafunzi alituletea koo wake mwekundu mwenye shingo tupu, yule tunayemwita kishingo, ambaye alikuwa tayari amekaa kwenye kiota siku nzima akikataa kuondoka, na mayai 12 yake mwenyewe. Bibi aliweka kiota kwenye kona ya stoo ya majembe, akatupa kipande cha mkaa ndani ya majani, na nilipomuuliza mkaa ni wa nini alinijibu, "Mwalimu, mwanangu, wewe geuza yako, mimi nisubiri yangu." Nafasi ya mkaa ule katika safu ya sababu iko wazi hadi leo.

Nilidhani ndivyo nilivyopata mashindano mazuri ya sanduku na koo. Nilichopata, kwa kweli, ni mwalimu wa pili. Watoto waliopangwa zamu ya kumtazama kishingo waliandika mambo ambayo wengi wetu, tulioishi na kuku miaka yote, hatukuwa tumeyaangalia: kwamba alitoka kiotani mara moja tu kwa siku, akala, akanywa, akajisaidia kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya, akaoga vumbi kidogo na kurudi ndani ya dakika 20, kwamba alikuwa akiyasukuma mayai kwa mdomo, ya pembeni akiyaleta katikati, na kwamba kifuani palikuwa na ngozi tupu yenye joto, ambapo manyoya yametoka ili yai liguse mwili. Sisi tuligeuza mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Yeye hatukuweza kumhesabu.

Siku ya saba tulifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi na kuyamulika mayai kwa tochi ya simu, niliyoiziba kwa karatasi ngumu yenye tundu la ukubwa wa shilingi. Yai namba 1 lilipowekwa kwenye tundu, mwanga ulijaa ndani kwa rangi ya chungwa lililoiva, na katikati kukawa na doa jeusi lenye mishipa myekundu iliyotawanyika pande zote kama miguu ya buibui. Doa lile likajitikisa. Mtoto aliyekuwa karibu nami alivuta pumzi kwa nguvu, kisha darasa la watoto zaidi ya sitini likanyamaza, jambo ambalo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anajua kwamba halitokei kwa amri.

Mayai namba 13, 14 na 15 yalikuwa meupe. Mwanga ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye glasi ya maji, hapakuwa na doa wala uzi. Yaliletwa na mvulana ambaye nyumbani kwao hawafugi kuku. Alikuwa ameahidi kikundi chake mayai matatu, akaona aibu kurudi mikono mitupu, akayanunua dukani kwa shilingi 400 kila moja kutokana na fedha aliyopata kwa kuuza kuni. Yalikuwa mayai ya kisasa, ya kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo, nami sikuwa nimefikiria kuwatahadharisha watoto juu ya hilo. Mayai 19, 20 na 21 yalikuwa meupe vilevile, na hayo yalitoka nyumba yenye kuku wengi. Ilituchukua muda kuelewa, mpaka mtoto wa nyumba hiyo alipokumbuka kwamba jogoo wao aliuzwa mwezi Juni ili kulipa deni la mbolea. Koo waliendelea kutaga kama kawaida, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuhusisha jogoo aliyeondoka na mayai viza waliyoyapata baadaye. Katika daftari tuliandika kwa mayai yote sita sababu moja: "Hakuna jogoo." Mvulana wa mayai ya dukani aliandika mistari yake mwenyewe, kwa mwandiko wa kubonyeza sana, kisha akaniomba zamu ya kipimajoto. Nilimpa, na hakuiachia hadi mwisho.

Mayai mengine matatu yalionyesha duara jembamba la damu, kama mtu amechora pete kwa kalamu nyekundu, ishara kwamba uhai ulianza ukakoma siku za mwanzo. Tuliyatoa. Safu ya sababu ilibaki wazi kwa matatu hayo, ingawa nilishuku yale majaribio yetu ya kidhibiti joto.

Siku ya kumi yai moja lilimponyoka mtoto wakati wa kugeuza. Lilianguka sakafuni na kupasuka, na ndani yake, kwenye ute uliosambaa juu ya saruji, alikuwemo kiumbe mdogo kuliko kidole gumba, mwenye jicho jeusi kubwa kupita kiasi, mdomo uliokwisha kuchongoka na vidole vya miguu vilivyojitenga. Moyo ulikuwa bado ukipiga. Tulisimama tukiutazama mpaka ulipoacha, na sikusema neno lolote la somo. Aliyeangusha alilia, akaja kuandika mwenyewe, "Mikono ilikuwa na mafuta ya maandazi." Tangu siku hiyo ndoo ya maji na sabuni ilikaa karibu na sanduku.

Usiku wa siku ya 16 umeme ulikatika saa mbili. Nyumba yangu iko ndani ya uwanja wa shule, na nilipofika stoo kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 34. Nilifunika sanduku kwa mablanketi mawili, nikachemsha maji kwenye jiko la mkaa nje na kuyajaza kwenye chupa za plastiki nilizozipanga kando ya mayai, nikizibadilisha kila zilipopoa. Saa nne akatokea mvulana wa kipimajoto na kaka yake mkubwa, wametembea gizani kwa sababu, alisema, waliona kijiji chote kimezima. Tulikaa watu watatu na chemli moja. Bibi mwenye koo naye alipita kutujulia hali, akachukua yai moja, akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akasema, "Bado lipo." Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mafundi wa Misri, ambao kwa karne nyingi wametotolesha mayai maelfu kwa maelfu kwenye matanuri ya udongo bila kipimajoto chochote, hupima joto kwa namna hiyo hiyo, kwa ngozi ya kope. Sijui bibi alijifunza kwa nani. Umeme ulirudi saa nane usiku, na kishingo, kwenye kona yake, hakuwa amefumbua hata jicho.

Siku ya 18 tuliacha kugeuza, tukaongeza bakuli la pili la maji na kufunga mfuniko. Katika siku tatu hizi za mwisho kifaranga hupanga kichwa chake chini ya bawa, huelekeza mdomo kwenye chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai, hutoboa utando na kuvuta pumzi yake ya kwanza angali ndani ya ganda. Baada ya hapo husikika. Jumatatu asubuhi watoto walipanga foleni ya kutega sikio kwenye sanduku, wakasikia sauti nyembamba kutoka kwenye mayai ambayo hayakuwa na hata ufa, na huko konani koo alikuwa akiyajibu ya kwake kwa mlio mzito ambao hakuwahi kuutoa siku zote zilizotangulia.

Jumanne hakuna aliyesoma hesabu. Kifaranga hutoboa ganda kwa jino la yai, kijiti kigumu cheupe juu ya ncha ya mdomo ambacho hudondoka muda mfupi baada ya kuangua, kisha hupumzika kwa saa nyingi, wakati mwingine usiku mzima, kabla ya kulizunguka ganda na kulikata kama mtu anayefungua kopo. Mapumziko hayo ndiyo yaliyonishinda. Yai namba 8 lilikuwa limetobolewa tangu Jumatatu saa tisa alasiri, na Jumanne saa nne asubuhi tundu lilikuwa vilevile, mdomo ukionekana unafunguka na kufunga. Watoto walinitazama. Nilikuwa nimewaambia mara kumi kwamba hatumsaidii kifaranga, kwa sababu wakati amepumzika damu iliyo kwenye utando hurudi mwilini na kiini cha njano huvutwa tumboni kupitia kitovu, na kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili za kwanza. Nilijua. Hata hivyo nilichukua kibanio na kubandua vipande vitatu vya ganda, taratibu, na kwenye kipande cha tatu utando ukachanika na damu ikatoka. Alikufa mkononi mwangu kabla ya kengele ya mapumziko.

Ulizuka ubishi wa jinsi ya kumwandika, kama amefia ndani ya yai au ameangua akafa. Mwisho wakakubaliana kwamba amefia ndani. Kiranja alishika kalamu, akafika kwenye safu ya nne, akaniangalia, akaandika kwa herufi safi: "Mwalimu." Hakuna aliyecheka, na sikumwambia afute.

Hadi Jumatano jioni sanduku lilikuwa limetoa vifaranga 13 kati ya mayai 30, na kishingo 10 kati ya 12. Alhamisi tulienda nyuma ya choo cha walimu, tukavaa mifuko ya plastiki mikononi na kufungua mayai yaliyobaki, jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa somo lenyewe, ingawa harufu yake haikuwa ya somo. Ukiacha namba 8, yalikuwemo sita yenye vifaranga waliokamilika. Wawili walikuwa wamegeuka, kichwa kikiwa upande mwembamba ambako hakuna chumba cha hewa, na tulipoangalia kumbukumbu tukaona mayai hayo yalilazwa ncha nyembamba ikiwa imeinuliwa. Wanne walikuwa mahali pao panapofaa, ila utando umewakaukia mwilini kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Watoto walitaka kuandika "umeme ulikatika". Mvulana wa kipimajoto alipinga. Alikuwa na vipimo vyake vyote, na alivisoma kwa sauti: joto lilirudi vizuri tangu siku ya 17, lakini kati ya siku ya 19 na ya 21 kioo kilikuwa kikavu kila alipokitazama, wakati hapo awali kilikuwa na ukungu kidogo. Unyevu ulikuwa umetoka. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyepita aliinua mfuniko achungulie, nami nikiwa wa kwanza. Wakaandika kwa vifaranga wanne: "Hamu ya kuona."

Ulezi niupitie haraka, kwa kuwa kila mfugaji anaujua. Tulitengeneza kinengunengu, yaani uzio wa mduara wa kulelea vifaranga, kwa maboksi, tukamwaga pumba za mpunga chini, tukaweka jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu ili moto usiwafikie, na kutandika makaratasi ya magazeti yenye chenga za mahindi na mashudu ya alizeti siku chache za mwanzo. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji nyuzi 32 hadi 35, na kipimo bora ni wao wenyewe: wakijikusanya chini ya chungu wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto, wakitawanyika wakala wameridhika. Usiku wa kuamkia Nane Nane upepo uliingia kupitia dirisha nililosahau kuliziba na watatu wakafa kwa kulaliana. Hapo mtoto mmoja aliuliza kwa umakini kama sasa anaweza kuandika "upepo". Tulijadiliana, tukaandika "dirisha". Watoto wa kishingo, waliozurura naye uwanjani, walipungua kwa njia nyingine: wawili walichukuliwa na mwewe mchana kweupe, mmoja alizama kwenye ndoo ya kunawia, mmoja hakuonekana tena na nafasi yake iko wazi. Yupo mwenye manyoya ya njano aliyeitwa Yanga na mwenye wekundu aliyeitwa Simba, na ningeshauri mwalimu yeyote azuie majina hayo mapema, maana siku Yanga alipougua kuhara damu na kufa wiki ya tano, nusu ya darasa iligoma kumzika pamoja na wenzake.

Lakini kabla ya hapo, walipofikisha wiki tatu, ilitubidi tuwachanje. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ndicho kinachojificha nyuma ya ule "upepo" wa miezi ya kiangazi, na kinaweza kufagia banda zima kwa siku chache: kuku hupooza, shingo hujipinda, huharisha kijani, hufa. Hakina dawa. Kina chanjo, na nchini kwetu inatengenezwa Kibaha, aina ya I-2 iliyotokana na utafiti wa Australia, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bei ya tone moja ni ndogo kuliko ya peremende. Tulipofika duka la dawa za mifugo ndipo tulipoona kikwazo ambacho hakuna mtu aliyewahi kunieleza: chupa ndogo waliyokuwa nayo ilikuwa ya dozi 200, na ikishafunguliwa haihifadhiki kwa muda mrefu. Kaya yenye kuku wanane inunue dozi 200 za nini? Siyo ujinga unaowazuia akina mama wa kijiji hiki wasichanje, wala siyo ubahili. Ni ukubwa wa chupa.

Vifaranga wetu walikuwa 16 pamoja na kishingo akiwa wa 17. Watoto walitoa 17 kwenye 200 ubaoni, wakapata 183, na jioni hiyo kila mmoja akapeleka habari nyumbani kwao. Jumamosi asubuhi uwanja wa shule ulijaa kuku wa kila namna, wamefungwa miguu kwa vitenge vichakavu, wamebebwa kwapani, wamo kwenye ndoo, kidimu mwenye manyoya yaliyosimama, kuchi mrefu wa mtu aliyekuja kwa baiskeli kutoka kijiji cha pili. Ofisa mifugo wa kata aliwaonyesha watoto jinsi ya kulaza kichwa cha kuku, kusubiri tone lisambae kwenye jicho na kuku apepese kabla ya kuachiwa. Baba yule wa mkutano wa wazazi alileta saba, wawili kati yao wakiwa tayari wamezubaa na kushusha mabawa. Ofisa alimweleza kwamba chanjo si tiba na huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga. Akawachanja wale watano, akamwambia awatenge.

Kideri kilienea kijijini mwisho wa Septemba. Sitasema kwamba waliochanjwa wote walipona, kwa sababu wale watano wa baba huyo walikuwa wameshakufa, na daftari letu linaeleza kwa nini: walikaa banda moja na wawili waliougua siku ile ile ya chanjo. Nyumba nyingine zilizoleta kuku wazima zilimaliza Oktoba zikiwa nao. Novemba ilipofika siku ya kurudia chanjo, wanawake walichangishana fedha ya chupa wenyewe, nami nilipewa habari tu.

Desemba tuligawa kuku 15, kumi kwa vikundi na watano wakabaki shuleni. Kikundi cha mvulana wa mayai ya dukani kilipata tembe mwenye madoadoa, na wenzake wakamwachia yeye kwa kuwa ndiye pekee asiyekuwa na kuku kwao. Kwa kuwa wanaishi karibu, tembe alishinda shuleni mchana pamoja na ndugu zake na kurudi kulala kwao.

Machi mwaka huu, akiwa sasa Darasa la Sita, alinifuata ofisini wakati wa mapumziko akiwa ameshika kitu ndani ya kofia ya sweta. Lilikuwa yai, mojawapo ya matatu aliyoyaweka chini ya kishingo, ambaye alikuwa amelalia tena kwa bibi, na lilikuwa limetimiza siku nane. Lilikuwa na X upande mmoja na O upande wa pili. Nilifunga pazia, nikawasha tochi, akaliweka mwenyewe kwenye tundu la karatasi. Mwanga ulipita moja kwa moja, mweupe, bila doa wala uzi. Nilianza kutafuta neno la kumpa, lakini alikuwa ameshalizungusha yai mara mbili na kulirudisha kwenye kofia.

"Jogoo wa shule bado mdogo, Mwalimu," alisema. "Hata kuwika ndiyo kwanza anajifunza." Kisha akaniuliza daftari liko kabati gani.